Akiba ya Mhitaji

Mtu aliyejinyima miaka kadhaa akaweka fedha kidogo, kisha akapoteza kazi au akaugua, ahesabiwe mhitaji leo hii au aambiwe amalize kwanza alichokiweka? Kila utaratibu wa kusaidia maskini unaopima uwezo wa mwombaji kabla ya kumpa chochote hulazimika kujibu swali hilo, na jibu huandikwa kwa tarakimu. Ndiyo maana wengi hulichukulia kuwa jambo la makarani. Lakini nyuma ya tarakimu hizo kuna hukumu kuhusu uhitaji ni nini, mtu ajitegemee kwa kiasi gani kabla ya kumgeukia mwingine, na ukweli kiasi gani unaweza kudaiwa kwa anayeomba.

Uingereza inafaa kuwa mfano kwa sababu imeliandika jibu lake bila kificho. Katika Universal Credit, posho iliyoanzishwa na sheria ya mwaka 2012 kwa watu wa umri wa kufanya kazi wenye kipato kidogo au wasio na kipato, akiba isiyozidi pauni 6,000 haiguswi. Ikizidi hapo, kila pauni 250, au sehemu yake, inahesabiwa kana kwamba inamwingizia mwenyewe pauni 4.35 kwa mwezi, na posho inapunguzwa kwa kiasi hicho. Ikipita pauni 16,000, posho yote inakatika, pamoja na sehemu inayosaidia kulipa kodi ya nyumba. Mume na mke, au watu wawili wanaoishi hivyo, huhesabiwa kuwa na mfuko mmoja, na kikomo hakipandi kwa kuwa wao ni wawili.

Mtu mwenye pauni 9,000 ana ziada ya 3,000, yaani mafungu 12, na makato yake ni pauni 52.20 kwa mwezi. Kwa mwaka ni pauni 626.40, karibu asilimia 21 ya ile ziada. Hakuna benki ya kawaida inayolipa faida ya namna hiyo kwa mwekaji mdogo. Kwa hiyo makadirio haya ya kisheria hayakadirii faida yoyote. Ni amri ya upole ya kumtaka mtu aanze kula akiba yake. Tena upole huo una mwisho. Mwenye pauni 16,000 kamili anakatwa pauni 174 kwa mwezi na kubaki na kinachobaki, lakini pauni moja ikiongezeka hana haki ya chochote. Vikomo hivyo havijabadilika tangu 2006, ingawa bei za vitu zimepanda kwa zaidi ya nusu tangu wakati huo. Kikomo kinachoachwa palepale huku bei zikipanda kinashuka chenyewe mwaka hadi mwaka, na hakuna mbunge anayelazimika kusimama kukitetea.

Wamarekani ni wakali zaidi. Posho ya SSI, inayolipwa wazee, vipofu na wenye ulemavu wasio na kipato cha kutosha, humruhusu mtu mmoja kuwa na dola 2,000 tu na wanandoa dola 3,000, viwango ambavyo vimekaa hivyo tangu 1989. Wapokeaji wawili wakioana, basi, ndoa yao inawagharimu dola 1,000 za akiba halali.

Waingereza wenyewe hawajawa na msimamo mmoja. Sheria ya pensheni ya wazee ya 1908, iliyoanza kulipa Januari 1909, iliwapa wenye miaka 70 na kipato kidogo hadi shilingi 5 kwa wiki. Iliwanyima waliozoea kukwepa kazi. Ila aliyekuwa amechangia chama cha kusaidiana kwa miaka 10 mfululizo hadi kufika miaka 60 hakuguswa na kipengele hicho. Akiba ilikuwa cheti cha tabia njema. Miaka 20 na ushei baadaye, wakati wa mdororo wa uchumi, cheti hicho hicho kiligeuka kikwazo. Kipimo cha uwezo cha mwaka 1931 kiliwaleta wakaguzi hadi sebuleni kwa wasio na kazi, wakahesabu akiba na mshahara wa kila aliyelala chini ya paa hilo, kiasi kwamba kijana mwenye kazi alimpunguzia baba yake posho kwa kuendelea tu kukaa nyumbani. George Orwell, katika The Road to Wigan Pier cha 1937, alieleza jinsi utaratibu huo ulivyovunja familia. William Beveridge alipoandika ripoti yake ya 1942 kuhusu bima ya jamii aliuelewa uchungu huo vizuri: watu hawakukasirishwa na kuhesabiwa tu, bali na kuona wanaadhibiwa kwa jambo walilolelewa kuliona kuwa wajibu, na hata starehe yao. Dawa yake ilikuwa michango ya bima ambayo ingempa mchangiaji haki yake bila kuulizwa ana nini benki. Kipimo cha uwezo alikiachia nafasi ndogo ya pembeni. Leo nafasi hiyo ndiyo ukumbi wenyewe.

Mafakihi wa dini walilikuta swali hili karne nyingi kabla ya idara yoyote ya serikali. Mishna ya Wayahudi, iliyokusanywa yapata mwaka 200, inaweka kikomo cha zuz 200 katika mlango wake wa Pea: aliyenacho hana haki ya masazo ya mavuno wala zaka ya maskini. Anayepungukiwa na zuz moja tu anaruhusiwa kupokea, hata watu elfu wakimpa kwa mara moja. Huo mkato wa ghafla uliopo London leo ulikuwapo Galilaya. Lakini Mishna ina mambo mawili ambayo sheria ya Uingereza haina. Kwanza, mwenye zuz 50 anazozifanyia biashara hapokei, sawa na mwenye 200 zilizolala, kwa kuwa kinachoangaliwa ni fedha inafanya nini. Pili, deni linaangaliwa: ambaye mali yake imeshikwa na wanaomdai anaweza kupokea. Kwa Universal Credit, mwenye pauni 17,000 benki na deni la pauni 10,000 kwa marafiki amepita kikomo, basi. Sheria inamruhusu kulipa deni hilo kisha aombe, na malipo hayo hayahesabiwi hila. Lakini kabla ya kulipa, karani anaona 17,000.

Katika fikihi ya Kiislamu hitilafu ni ya ndani zaidi. Abu Hanifa na wafuasi wake walitumia mstari mmoja kwa pande zote mbili: mwenye nisabu, dirhamu 200 za fedha au dinari 20 za dhahabu, zilizozidi mahitaji yake ya lazima, hafai kupewa zaka. Mtu yuko upande wa watoaji au wa wapokeaji, hawezi kuwa kote. Washafi, Wamaliki na Wahanbali waliuliza jambo jingine: je, alichonacho kinamtosha? Kwa Imamu Nawawi, ambaye kitabu chake Minhaj kimesomeshwa vizazi na vizazi katika madrasa za Lamu na Unguja, asiye na kinachomtosha anaweza kuwa na nisabu na bado akawa fakiri. Anatoa zaka ya fedha zake kwa kuwa zimefika kiwango, na anapokea zaka ya wengine kwa kuwa hazimtoshi. Nawawi alikwenda mbali zaidi: fundi apewe zana, mfanyabiashara apewe mtaji wa kumwezesha kuishi, kwa sababu lengo ni kumtoa katika uhitaji wa maisha yake yote. Msaada wa namna hiyo humwachia mtu akiba kwa makusudi, wakati mpango wa Uingereza humsubiri aimalize.

Mswahili anayeishi Birmingham akiwa na pauni 7,000 zilizokaa mwaka mzima wa Kiislamu anasimama katikati ya hesabu hizi mbili. Kwa nisabu ya fedha anadaiwa zaka ya asilimia 2.5, yaani pauni 175 kwa mwaka. Wakati huo huo serikali inamkata pauni 17.40 kwa mwezi na kuendelea kumlipa, maana kwa serikali yeye ni mhitaji. Kwa mtazamo wa Kishafi hakuna mgongano wowote hapo. Kwa Mhanafi, mtu huyu ni mtoaji anayepokea, na ni lazima aulizwe kwa nini.

Kikomo hakina maana mpaka ijulikane ni mali gani inayoingizwa katika hesabu. Ghazali, aliyefariki 1111, aliishughulikia sehemu hii kwa udadisi wa kupendeza katika mlango wa zaka wa kitabu chake Ihya. Nyumba ya kuishi na nguo hazimtoi mtu katika ufakiri. Nguo za baridi haziuzwi wakati wa joto kwa kisingizio kwamba hazitumiki. Vitabu vya mwanachuoni navyo ni hivyo hivyo, kwa kuwa ni zana zake. Lakini vitabu vya mashairi na visa vya kujiburudishia havimkingi. Na mwenye nakala mbili za kitabu kimoja, moja sahihi zaidi na nyingine nzuri zaidi kwa macho, abaki na iliyo sahihi na auze ile nzuri. Mtu anaweza kucheka, ila humo mna kanuni kamili: mali inalindwa kwa sababu ya kazi inayofanya katika maisha ya mwenyewe, na bei yake sokoni haiulizwi kwanza.

Uingereza inafuata kanuni inayofanana bila kuitamka. Nyumba anamokaa mwombaji haihesabiwi, hata iwe na thamani ya pauni nusu milioni. Samani, gari na vitu vyake binafsi haviguswi, wala fedha iliyomo katika mfuko wa pensheni usiofunguliwa bado. Aliyeweka pauni 20,000 katika matofali ya nyumba yake yuko salama, naye aliyeweka kiasi hicho benki akisubiri kununua nyumba amenyimwa. Ni vigumu kuona tofauti ya kimaadili baina yao. Nyumba iliyoko nje ya nchi inahesabiwa kwa thamani yake, na hapa wahamiaji wengi hunaswa bila kujua: kibanda alichomjengea mama yake Tanga au Kisii ni mali ya aliyejenga ikiwa hati iko kwa jina lake na kwa haki ni chake. Kuna msamaha ikiwa anayekaa humo ni jamaa wa karibu aliyefikia umri wa pensheni au aliyepungukiwa uwezo wa kufanya kazi. Msamaha huo unampata mama mzee. Haumpati mdogo mtu mwenye afya anayelinda nyumba.

Ugumu unaofuata ni wa nia. Ikiwa akiba inamnyima mtu posho, kwa nini asiigawe? Sheria imeliona hilo: aliyejivua mali ili apate posho au aongezewe anahesabiwa bado anayo. Lengo hilo si lazima liwe pekee. Inatosha kuwa lilikuwa na uzito katika uamuzi wake. Kulipa deni, au kununua vitu na huduma zinazofaa kwa hali yake, hakuhesabiwi kujivua. Kwa maneno mengine, kipimo kilichodai kuhesabu fedha tu kimeishia kuhukumu moyo. Aliyepeleka pauni 3,000 nyumbani kwa matanga ya baba yake, aliyelipia arusi ya binti, aliyekwenda Hija: kila mmoja anaweza kutakiwa aeleze kwa nini, na mtu wa kupima maelezo yake ni mgeni asiyejua kwamba kutochangia matanga kwao ni aibu isiyofutika. Hija ina utata wa pekee, kwani ni faradhi kwa mwenye uwezo, na karani anayeuliza kama safari hiyo ilifaa anauliza, bila kujua, kama aliyesafiri ni mwenye uwezo.

Mafakihi walikutana na jambo hili likitokea upande wa pili. Wao walikuwa na tajiri anayekimbia kutoa: mwaka wa zaka ukikaribia kutimia anampa mkewe fedha, mwaka unakatika, fedha zinarudi. Wamaliki na Wahanbali walisema zaka inabaki shingoni mwake, kwa kuwa nia mbaya haiwezi kumfaidi mwenyewe. Washafi waliona kwamba kisheria mwaka umekatika na zaka haidaiwi, ingawa kitendo kinachukiza na hesabu yake iko kwa Mungu. Msimamo wa pili unaonekana mlegevu, lakini una busara ambayo waandishi wa sheria za posho wangeweza kuifikiria: hakimu wa dunia ahukumu yanayoonekana, maana akianza kupekua mioyo hatakuwa na mahali pa kusimama. Tofauti iliyopo ni kwamba wao walimpa nafasi hiyo tajiri aliyekuwa akikwepa, na serikali ya leo inamnyima maskini nafasi hiyo hiyo.

Wajibu wa kutoa taarifa unatokana na hayo yote. Mpokeaji wa Universal Credit anatakiwa aeleze mabadiliko mara yanapotokea, kwa kawaida kupitia ukurasa wake wa mtandaoni: akiba iliyovuka pauni 6,000, urithi, mwenzi aliyehamia, mtoto aliyeondoka, kodi iliyopanda. Kusafiri nje kunahesabiwa pia. Mtu anaruhusiwa kutokuwapo kwa mwezi mmoja, na unaweza kuongezwa mwezi mwingine ikiwa safari inahusu kifo cha jamaa wa karibu. Aliyekwenda kuzika Mombasa na hakutoa taarifa amekosea, hata kama angeruhusiwa.

Kwamba kusema ukweli ni wajibu halina ubishi katika dini yoyote wala kwa mwanafalsafa yeyote wa maana. Fedha za umma ni amana, na mwongo anakula haki ya asiyejua kusema uwongo. Kinachobishaniwa ni mipaka ya kuuliza. Yohane Krisostomo aliwahubiria Wakristo wa karne ya nne kwamba Ibrahimu hakuwahoji wageni wake kabla ya kuwakaribisha. Talmudi imehifadhi ubishi wa Rav Huna na Rav Yehuda. Wa kwanza alitaka anayeomba chakula achunguzwe na anayeomba nguo asichunguzwe, maana aliye uchi ameshadhalilika. Wa pili alipindua, akasema njaa haisubiri uchunguzi, na rai yake ndiyo iliyofuatwa. Mwaka 1545 huko Salamanca, Domingo de Soto, mtawa wa Kidominika, alizipinga sheria mpya za Kastilia zilizotaka maskini wakaguliwe na kupewa vibali vya kuomba. Mwaka huo huo Juan de Robles, abati wa Kibenedikti, akamjibu kwa kuzitetea. Robles alikuwa na hoja nzito: pasipo ukaguzi, walaghai hula riziki ya wahitaji wa kweli. Soto aliona kwamba anayetoa hapati, kwa kutoa kwake, mamlaka ya kupekua maisha ya anayepokea.

Mwaka 1998 Jonathan Wolff, mwanafalsafa Mwingereza, aliipa hoja ya Soto sura mpya bila kumtegemea. Alisema kipimo cha uwezo humlazimisha mtu aseme, na athibitishe, mambo yanayomshusha machoni pake mwenyewe. Kuwa na dhiki ni jambo moja. Kuijenga dhiki hiyo kama kesi mbele ya wengine, mwezi baada ya mwezi, ni jingine. Mfumo unaweza kugawa kwa haki kamili na bado ukawadhalilisha wanaogawiwa.

Halafu kuna ukweli usioenea kwenye fomu. Mwanamke anayeshika fedha za upatu wa watu 10, kila mmoja pauni 300 kwa mwezi, ana akaunti inayosoma pauni 8,000 siku ya kukusanya, na zake ni 5,000. Sheria iko upande wake: fedha anayoshika kwa niaba ya wengine si mali yake. Lakini mzigo wa kuthibitisha ni wake, na upatu huendeshwa kwa kuaminiana, kwa daftari la kurasa zilizokunjika na jumbe za simu. Kisha inafika zamu yake mwenyewe. Aliyepokea kwanza amepata mkopo, maana ana miezi tisa ya kulipa. Wa mwisho anarudishiwa akiba yake. Wa tano ana mchanganyiko wa vyote viwili. Kwenye taarifa ya benki wote watatu wamepokea pauni 3,000.

Wajibu huu una upande wa pili ambao hauzungumzwi sana. Mpokeaji akizembea kutoa taarifa anaweza kutozwa faini ya pauni 50 juu ya kurudisha alichozidishiwa. Akidanganya kwa makusudi ni jinai. Ofisi ikikosea na kumlipa zaidi, naye akiwa amesema ukweli wote kwa wakati, sheria ya 2012 inaruhusu adaiwe vilevile. Ofisi ina hiari ya kusamehe, lakini mpokeaji hana haki ya kusamehewa. Hapo ndipo hoja ya amana inapopinda. Amana hubana pande mbili: anayeaminiwa hutakiwa kusema kweli, na anayepokea ukweli huo hutakiwa kuubeba. Dola inayodai taarifa kamili kisha ikamwachia mtoa taarifa hasara ya kosa la karani wake imechukua haki ya amana na kuacha wajibu wake. Tena inayemuumiza ni mwaminifu. Mjanja anayeficha noti chini ya godoro hatoi taarifa wala hadaiwi. Mwenye kuweka benki na kueleza kila kitu ndiye anayekatwa, na akiwa na bahati mbaya, ndiye anayerudisha. Kuhusu mahali pa kuweka kikomo, watu wenye busara wanaweza kutofautiana. Lakini kumdai mkweli kwa kosa la ofisi hakuwezi kutetewa kwa hoja yoyote kati ya zilizotajwa, hata ya Robles.

Zanzibar ilichagua njia nyingine kwa kundi moja. Tangu Aprili 2016 kila mkaazi aliyetimiza miaka 70 amestahili pensheni ya wote, iliyoanza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, bila kuulizwa ana ng'ombe wangapi, karafuu kiasi gani wala mtoto yuko Maskati au hayuko. Kenya nayo ilifungua mlango kama huo mwaka 2018 kwa wenye miaka 70 na kuendelea. Mabadiliko ya kutolewa taarifa yamebaki machache, kubwa likiwa kifo. Kasoro yake iko wazi: aliye tajiri anapokea sawa na asiye na kitu, na kiasi kinachogawiwa wengi kinakuwa kidogo kwa kila mmoja. Anayetetea mpango huo atasema kwamba cha tajiri kinaweza kurudishwa kwa kodi, na hoja hiyo inasimama pale tu ambapo kodi ya mapato inamfikia tajiri kweli.